Pavingi za barabara ya mtaa zinatoa unga, naomba ushauri kabla hatujazitandika

Habari za jioni wadau. Huku Goba tumechangishana kaya 23 ili tutandike pavingi, vile vitofali vya zege vya barabara, kwenye mlima wa kuingilia mtaani, maana masika yakija njia inakatika na bodaboda hazipandi. Juzi zimeshushwa za kwanza. Nimechukua moja nikaikwaruza kwa msumari, unga wa kijivu ukajaa kiganjani. Nikaiachia kutoka usawa wa kiuno, ikapasuka vipande vitatu, ndani mchanga mtupu, saruji huioni.

Nimepima kwa rula, unene ni milimita 60. Ninavyojua hizo ni za uani na gari ndogo. Kwetu maboza ya maji na lori la taka hupita kila wiki, nilitegemea 80. Fundi anasema zitakomaa zikishatandikwa. Nimemuuliza zimemwagiliwa siku ngapi, akajibu mbili! Zege linataka maji angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa likitimiza siku 28.

Wenye uzoefu nisaidieni. Nikipeleka maabara, nibebe ngapi za kuvunjwa, na kwa mlima huu niwadai nguvu ya megapaskali ngapi (kipimo cha mgandamizo ambao zege linahimili)? Je, zege la pembeni la kuzizuia zisiteleze linaweza kusubiri, kama fundi anavyotaka?

Nusu ya pesa tumeshalipa, na kuna mama mjane katoa akiba yake ya kikoba. Kikao ni Jumapili, nataka niingie na hoja mkononi.