Wanatukata mishahara kwa redio ambazo wameziua wenyewe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwezi huu tena mlinzi mwenzetu wa zamu ya usiku, lindo la huku Ihumwa, Dodoma, amekatwa mshahara eti redio koli (redio ya mkononi ya kuwasiliana lindoni) aliyokabidhiwa imefia mikononi mwake. Redio ile ilikuwa mbovu kabla hajaigusa. Mimi ni kiongozi wa zamu, redio zote nazipokea na kuzigawa mimi, kwa hiyo nasema ninachokiona. Jina la kampuni silitaji.

Tuanze na betri, maana ndiyo chanzo cha makato mengi. Chaja ya pamoja imewekwa stoo, chumba cha bati kisicho na dari, chini ya dirisha. Oktoba na Novemba jua la Dodoma mnalijua, chumba kile mchana ni tanuri. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa kwenye joto linalopita nyuzi 40 hivi, zinachoka haraka na zinaweza kuvimba. Masika yakija, dirisha lile lile linaingiza maji, na redio zilizorudi zimelowa zinachomekwa hivyo hivyo, vyuma vya betri vikiwa na maji. Ndiyo maana vina kutu ya kijani. Kuifuta ni kazi ya pamba na spiriti kidogo, dakika chache tu kwa redio nzima, lakini hakuna aliyepewa hata pamba.

Betri ikishachoka inadanganya. Taa ya chaja inaonyesha kijani, ukiwasha redio inawaka, unasikia wenzako vizuri. Ukibonyeza kitufe uongee, inazima. Kusikiliza kunatumia umeme kidogo sana, kuongea kunahitaji mwingi kwa mkupuo, na betri iliyozeeka haiwezi kuutoa. Sasa mlinzi anaripoti kwamba redio imezima alipoita msaada, ofisi inamjibu ilitoka stoo ikiwa imejaa chaji, kwa hiyo ameidondosha. Mtu ameachwa usiku bila mawasiliano, halafu asubuhi anaambiwa alipe!

Kuna betri moja imevimba mpaka haikai kwenye redio. Wameifunga kwa mpira wa manati. Nimesema mara nyingi kwamba betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haibanwi, inatengwa mbali na vitu vinavyoshika moto. Bado inachajiwa, na pembeni yake kuna magodoro ya walinzi. Betri za akiba nazo zimetupwa kwenye boksi moja na funguo na misumari. Chuma kikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja inapata moto pale pale, iwe kwenye boksi au mfukoni kwenye sarafu.

Antena ndiyo inayoniuma zaidi. Mkaguzi wetu anapokusanya redio anazishika zote kwa antena na kuzining'iniza. Shina la antena linalegea, mpira unachanika, waya unatokeza. Ukiongea na redio ya namna hiyo, nguvu iliyopaswa kwenda hewani inarudi ndani na inaweza kuunguza transista ya kutuma, kile kifaa kidogo cha ndani kinachorusha mawimbi. Pia waya ulio wazi ukigusa shavu wakati unaongea unaweza kukuunguza ngozi. Antena zilipokatika, ofisi ilinunua za bei rahisi bila kuuliza masafa ya mawimbi. Redio zetu ni za UHF (masafa ya juu zaidi), walizoleta ni za VHF (masafa ya chini yake). Zinaingia kwenye uzi wake wa skrubu vizuri, ndiyo, lakini ishara haifiki hata geti la pili. Fundi wa mjini aliyefungua redio mbili alisema wazi kwamba transista zimeungua kwa sababu ya antena. Maelezo yake yapo kwenye karatasi, na bado walinzi wawili wamekatwa licha ya karatasi hiyo.

Vumbi nalo, upepo wa Julai na Agosti unapuliza mchanga mpaka kwenye matundu ya spika. Vile vifuniko vya mpira vya kuzibia tundu la maiki ya nje vimeng'oka karibu vyote. Kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni kinatosha kusafisha. Wao walisafisha kwa petroli, plastiki ikapasuka.

Na lindo la kituo cha mafuta? Pale walinzi wanabadilisha betri wakiwa wamesimama kando ya pampu, hata lori likiwa linashusha mafuta, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kuchomoa betri kunaweza kutoa cheche. Betri hubadilishwa mbali na mvuke wa mafuta, na redio isiyothibitishwa kwa maeneo ya hatari inazimwa kabla ya kusogea pale. Hili si suala la makato tena, ni roho za watu, na nimeliandika kwenye kitabu cha matukio bila kujibiwa.

Sasa sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata kwa uharibifu anavyotaka. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, uharibifu uwe umetokana na kosa lake, apewe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwetu mtu anaona pungufu siku ya mshahara, basi.

Kijana wa Ihumwa nimemwambia asisaini fomu yoyote ya kukiri deni. Ile ripoti ya fundi nimeipiga picha, na kurasa za kitabu cha makabidhiano pia, zinaonyesha redio yake ilirudishwa mbovu na zamu mbili kabla yake. Mwenye uzoefu wa kupeleka shauri la makato Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (ya migogoro ya kazi) hapa Dodoma aniambie tuanze na fomu gani na muda wa mwisho ni upi. Walinzi wa kampuni nyingine mnaokatwa kwa redio, andikeni hapa chini mlikatwa kwa kosa gani na kama mliwahi kupewa hata somo la nusu saa la namna ya kuitunza.