Vietnam Oktoba: kifurushi cha "utalii wa mazingira" au tujipange wenyewe?

MtuWaRaskazoni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tunakwenda Vietnam Oktoba, wiki mbili. Hela tumedunduliza, visa bado. Wakala mmoja hapa mjini katuletea kifurushi anachokiita rafiki wa mazingira: meli kwenye ghuba ya Ha Long usiku mmoja, mji wa milimani wa Sapa kwenda na kurudi, "kijiji cha makabila" saa mbili, kupanda tembo, tunamalizia Saigon (Ho Chi Minh). Bei imenitoa jasho. Sisi tunataka kukaa na watu, kula wanachokula, na hela yetu ibaki palepale kijijini. Pili, sisi ni Waislamu, na nasikia huko nguruwe yumo hadi kwenye mafuta ya kukaangia. Waliofika, tufanyeje?

Baharia Mstaafu:
Mkuu, anayeweka kupanda tembo na neno mazingira kwenye karatasi moja, mrudishie karatasi yake. Wavietnam wenyewe wameshaanza kuachana na hayo. Hifadhi ya Yok Don, kule Dak Lak kwenye nchi ya kahawa, iliacha kupandisha watalii juu ya tembo 2018. Siku hizi mnamfuata kwa miguu msituni, anakula zake mianzi, nyinyi mmesimama mbali na mtunzaji wake.

Kisu Butu:
Saa zote hizo angani kupitia Doha, ukifika unakataa mrija wa plastiki. Utalii wa mazingira huo. Endeleeni.

Baharia Mstaafu:
@Kisu Butu hujakosea sana. Ndiyo maana ukishafika unatulia sehemu mbili tatu, hurukiruki na ndege za ndani kila baada ya siku mbili. Kuna reli kutoka Hanoi hadi Saigon, kilomita 1,726, na vitanda vya usiku vipo.

Binti Hanoi:
Kaka, shikamoo. Niko Hanoi kimasomo, na niseme tu kwamba hicho kijiji cha saa mbili ndicho kibaya kuliko tembo. Basi linashusha watu hamsini, watoto wanakimbilia kuuza bangili wakati wa shule, picha, basi linaondoka. Sapa nayo si kila nyumba yenye bango la "kulala kwa wenyeji" ni ya mwenyeji. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: nyumba ya nani, na huyo mwenye nyumba analala humo? Wakala akianza kuzunguka, jibu umeshapata.

Mngekuwa wangu ningewapeleka Ha Giang, milimani kaskazini kabisa. Basi kutoka Hanoi ni kama saa sita. (Tangu Julai 2025 mikoa iliunganishwa, kutoka 63 ikabaki 34, kwa hiyo kwenye ramani mpya mtaikuta ndani ya Tuyen Quang, msishangae.) Oktoba mvua kubwa za kaskazini zimeshapungua na maua ya ngano nyeusi yanaanza kuchanua kule Dong Van. Ni nchi ya mawe matupu. Wahmong, kabila la huko milimani, wanapanda mahindi kwenye nyufa za mwamba, shimo moja shina moja, na ua wa nyumba ni mawe yaliyopangwa bila udongo.

Mzunguko wake ni kama kilomita 350. Msikodishe pikipiki kama hamna leseni inayotambulika huku, maana mkianguka bima itawaruka. Chukueni vijana wa kulekule wawapakie, kila mmoja na dereva wake. Njia ya Ma Pi Leng ina korongo upande mmoja, mto Nho Que unauona chini kama uzi, na yule kijana anaipita huku anaimba.

Msipite Lung Tam bila kusimama. Kuna ushirika wa akina mama wa Kihmong wanaofuma nguo kwa nyuzi za mmea wa jamii ya bangi (haileweshi, msijipe matumaini). Nyie wa Tanga mmezoea mkonge, mtaielewa kazi yao haraka: kuchuna, kuunga uzi kwa uzi, kuchemsha kwenye majivu. Kulainisha kitambaa ndiko kutawasimamisha. Mama anakizungushia gogo, juu yake bapa la jiwe, kisha anapanda juu ya jiwe na kuyumba kulia kushoto kwa nyayo zake, huku anapiga soga. Nunueni pale, kwa aliyefuma.

Chakula: mnapoweka nafasi waambieni "an chay", yaani msiwekewe nyama, na mtaje wazi kwamba hata mafuta ya nguruwe hamli. Mtapata tofu, mayai, majani ya maboga. Baada ya kula watamimina pombe ya mahindi. Funika kikombe kwa kiganja, cheka nao, hawanuni.

MtuWaRaskazoni:
Marahaba dada, ubarikiwe. Mke wangu kasoma hilo la gogo kasema tembo afutwe leo leo. Na kusini je? Katikati tupite?

Abuu wa Maskati:
Assalaam alaykum. Katikati Oktoba ni msimu wa mafuriko, iacheni safari hii. Kuna kijiji cha Tan Hoa ambacho nyumba zimewekwa juu ya mapipa, maji yakija zinaelea. Kilitambuliwa na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa 2023, lakini nendeni kiangazi.

Kusini nendeni Chau Doc, mpakani na Kambodia. Ng'ambo ya mto Hau kuna vijiji vya Wacham, kabila la huko, ni Waislamu, na misikiti ipo. Nyumba ziko juu ya nguzo kwa sababu ya maji, akina mama wanafuma chini. Hapo swali lako la nguruwe limekwisha, mtakula kwa raha. Vaeni kwa heshima, ingieni kwa salamu, na mkikuta swala swalini nao. Mimi nilishikwa mkono hadi kwenye chai. Oktoba ndiyo msimu wa maji kujaa, kwa hiyo na msitu wa Tra Su uko vizuri: mtumbwi wa kasia, maji yamefunikwa kijani kibichi, ndege juu.

Kisu Butu:
Hili nakubali. Na mchunge noti. Ya 500,000 na ya 20,000 zote za bluu. Usiku ukichanganya, umemnunulia muuza maji mwezi mzima.

MtuWaRaskazoni:
Hahaha. Sheikh, tukiwa Chau Doc tunaweza kuvuka Phnom Penh kwa boti na kurudi?

Abuu wa Maskati:
Boti zipo. Lakini visa ya mtandaoni ya dola 25 ni ya kuingia mara moja, ukitoka imekufa. Ombeni ya dola 50, ya kuingia mara nyingi, kwenye tovuti ya serikali yao na si kwa huyo wakala.