Naombeni ushauri: natembea kila siku ila sioni wala kusikia kitu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi. Daktari aliniambia nitembee kwa sababu ya presha, basi kila asubuhi nazunguka Shanty Town dakika 40, spika masikioni, macho kwenye hesabu ya hatua. Dawa tu, kama kumeza kidonge.

Juzi simu ilizima chaji. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, udongo unanukia, maua ya mjakaranda yametapakaa barabarani, laini chini ya viatu. Halafu hondohondo wawili wakapita juu yangu. Jamani, kumbe mabawa yao yanavuma hivyo! Miaka 6 nakaa hapa. Mlima nao ulikuwa wazi kabla mawingu hayajaufunika. Nilichelewa kazini, na sikujali.

Tangu siku hiyo naacha simu nyumbani, lakini baada ya dakika 10 akili inarudi kwenye madeni na ada za watoto. Wenzangu mnaotembea, mnafanyaje mpaka masikio na pua vibaki njiani? Mnasimama? Mnabadilisha njia? Mke wangu anasema nivue viatu nikanyage umande. Majirani si watasema nimechanganyikiwa?