Tumeziba matundu ya USB, taarifa za wateja bado zinatoka. Tufanyeje?

KijanaWaSeva: Wakuu, heshima yenu. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi ndogo ya mikopo hapa Dar, wafanyakazi kama 40. Afisa mikopo mmoja aliacha kazi, wiki mbili baadaye wateja wetu wakaanza kupigiwa simu na washindani, wanatajiwa hadi deni lililobaki. Bosi akaagiza tuzibe USB, nikaziba. Juzi nimemkuta dada wa mapokezi anapiga picha skrini kwa simu: "Namtumia meneja WhatsApp, barua pepe inachelewa." Sasa bosi anataka programu ya kuzuia uvujaji, na bei ya muuzaji inatisha. Hizi programu zimefikia wapi?

MzeeWaModemu: Pole mkuu. Kuziba matundu ni dawa ya zamani. Jeshi la Marekani lilikataza flashi mwishoni mwa 2008. 2010 askari wao, Manning, akanakili nyaraka za siri kwenye CD iliyoandikwa Lady Gaga, akazivujisha.

Kizazi kilichofuata kinasoma maudhui ya faili kabla halijatoka. Biashara hiyo ilinoga hadi Symantec, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakainunua Vontu, watengenezaji wa programu hizo, mwaka 2007 kwa dola milioni 350. Niliwahi kufunga moja kazini, tukaiambia izuie namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), yaani tarakimu 20. Siku ya kwanza ikamkamata mhasibu anayetuma tokeni ya LUKU ya umeme, maana nayo ni tarakimu 20! Mjanja mmoja akazip faili na kuweka nywila, likapita bila hodi.

Mtazamaji_tu: Tokeni ya LUKU 😂😂 Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

BintiLogi: Snowden, yule aliyevujisha siri za shirika la ujasusi la Marekani NSA, ndiye aliyebadili mchezo mwaka 2013. Kazi yake ilikuwa kusimamia mifumo, funguo alipewa na wenye nyumba. Ndiyo maana programu za sasa zinajifunza mazoea: afisa anayefungua mafaili 15 kwa siku, leo kafungua 900 saa tatu usiku, kengele inalia. Ila kengele inataka mtu wa kuisikiliza. Kama ni wewe peke yako na printa zote ni zako, utaizima ndani ya mwezi.

Halafu kuna wasio na nia mbaya. 2023 wahandisi wa Samsung walibandika msimbo wa programu za kampuni kwenye ChatGPT wapate msaada, kampuni ikapiga marufuku. Siku hizi kuna programu zinazokaa ndani ya kivinjari kuangalia kinachobandikwa. Dada yako wa mapokezi yuko kundi hilo, ana haraka tu. Mrekebishieni barua pepe kwanza. Kwa picha za simu, weka jina la mtumiaji lionekane kwa mbali juu ya skrini. Halizuii, ila picha ikivuja mnajua imetoka kwa nani.

WakiliMtaani: Msianze kuwachunguza watu kimyakimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za mfanyakazi nazo ni taarifa binafsi. Wajulisheni kwa maandishi mnakusanya nini na kwa nini.

MzeeWaModemu: Kabla hujalipa hata shilingi, angalia nani anaweza kufungua hilo faili la wateja.

KijanaWaSeva: Asanteni wakuu. Nimeangalia asubuhi hii. Watu 31 wanalifungua, akiwemo dereva aliyeacha kazi mwaka jana. Na yule afisa mikopo, akaunti yake bado iko hai.