MJADALA: Ndege ndogo iwe zawadi ya bahati nasibu ya hisani Mbeya? Mimi napinga, karibuni

Wana Nyanda za Juu Kusini, habari za jioni.

Kuna jambo linazungumzwa sana hapa Mbeya na sitaki lipite kimyakimya. Kamati inayochangisha fedha za kujenga nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, kule milimani Makete, imepata mfadhili mwenye ndege ndogo ya viti vinne, Cessna 172, ambayo yeye hairushi tena. Yuko tayari kuitoa. Kamati inataka iwe zawadi ya kwanza ya bahati nasibu: tiketi shilingi 10,000, inachezeshwa droo, mtu mmoja anaondoka na ndege. Wanaounga mkono wanasema jambo hili halijawahi kuonekana kwetu, kila mtu atalizungumza, na tiketi zitaisha haraka.

Ndege yenyewe ni ya heshima, hilo sibishi. Cessna 172 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 44,000, idadi ambayo hakuna aina nyingine ya ndege imeifikia. Marubani wengi duniani wamejifunzia humo. Ninachouliza ni nani hasa atakayeishinda.

Wanunuzi wa tiketi hizi tunawajua. Ni mama anayeuza viazi Uyole, kijana wa bodaboda pale Mafiat, mwalimu wa Tukuyu, mkulima wa mpunga Igurusi. Tuseme ameshinda yule mama. Amepigiwa simu, amelia kwa furaha, amepigwa picha amesimama chini ya bawa. Kesho yake asubuhi ndege ni mali yake, na kuanzia siku hiyo inamdai. Lazima isajiliwe upya kwa jina lake Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lazima iwe na cheti hai kinachoonyesha kuwa inafaa kuruka, na cheti hicho hakipatikani bila fundi mwenye leseni kuikagua. Kuna ada ya maegesho uwanjani, kuna bima. Akitaka kuirusha mwenyewe, leseni ya rubani binafsi inahitaji vipimo vya afya na angalau saa 40 za mafunzo angani, na kila saa ndege hii inakunywa lita thelathini na zaidi za avgas, petroli ya ndege ambayo si mafuta yale wanayojaziwa Airbus wakitua Songwe, na ambayo ukiwa huku kwetu kuipata ni kazi.

Akiamua kuiacha imesimama tu, inaharibika. Injini isiyowashwa inaota kutu ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mipira inakauka. Wanaorusha ndege hizi, kila asubuhi kabla ya kuwasha, huingia chini ya bawa na kikombe kidogo cheupe kinachopitisha mwanga, wakakinga mafuta kidogo kutoka kwenye tangi, wakayainua juani. Wanatafuta maji. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kama shanga, na yakifika kwenye injini wakati wa kupaa yanaweza kuizima. Sasa fikiria matangi nusu tupu, ukungu na mvua za Mbeya kuanzia Novemba hadi Aprili, na hakuna anayekwenda na kikombe.

Kwa hiyo mama yetu atauza. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Atamuuzia nani? Watu wanaonunua ndege nchi hii ni wachache na wanafahamiana. Wote watakuwa wamesikia kuwa kuna mama wa Uyole ameshinda ndege, hawezi kuilipia maegesho, na hajui bei yake. Atakayetangulia kufika atataja bei, na mama ataikubali. Nitoe mfano wa hesabu tu: ndege ikiwa na thamani ya milioni 120 na mama akapewa milioni 50, zile 70 hazikwenda Makete wala Uyole. Zimebaki kwa mtu ambaye uwezo wa kununua ndege alikuwa nao tayari, na tumempelekea kwa jina la hisani.

Kamati ikiiuza yenyewe, hali ni tofauti kabisa. Kamati ina muda. Ina mfadhili mwenye vitabu vyote vya kumbukumbu za injini na anayejua historia ya ndege. Inaweza kuzungumza na shule za urubani na kampuni za utalii, ikakataa bei mbovu, ikasubiri. Mshindi hana hata kimoja kati ya hivyo. Pendekezo langu: ndege iuzwe na kamati, fungu kubwa liende moja kwa moja kwenye ujenzi, na sehemu inayobaki inunue zawadi ambazo mshindi anaweza kuzitumia siku hiyohiyo. Kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo. Pawatila ya kulimia. Pikipiki. Na tiketi ishuke iwe 5,000.

Naomba michango.

Mchangiaji, Iringa:

Kamwene kaka. Nimekusoma hadi mwisho na kwa heshima zote nakukatalia. Kirikuu kila mtu ameziona, zimejaa barabarani. Mtu hatoi 10,000 kwa ajili ya kirikuu ambayo jirani yake anayo. Anatoa kwa ajili ya kitu ambacho hata kukiota hakuwahi. Marekani chama cha wamiliki wa ndege na marubani, AOPA, kimekuwa kikitoa ndege kama zawadi kwa miaka mingi na watu wanaisubiri. Halafu huyo mama wa viazi unamwamulia. Nani kakwambia hajui kujadili bei? Anayenunua gunia shambani Isyonje na kuliuza mjini kwa faida anajua bei kuliko mimi na wewe. Mpe chaguo: achukue ndege au achukue fedha taslimu.

Mwanzisha mada:

Kamwene. Nimefurahi umeleta AOPA, maana mfano huo unanisaidia mimi. AOPA wanawapa ndege wanachama wao, na wanachama wao ni marubani na wamiliki wa ndege. Anayeshinda tayari ana leseni, ana fundi wake, pengine ana na banda. Anaishi katika nchi yenye viwanja karibu 5,000 vinavyotumika na umma. Hata huko, serikali kuu inahesabu zawadi hiyo kuwa kipato, mshindi anadaiwa kodi yake, na wapo wanaolazimika kuuza walichoshinda ili wailipe. Na sisi pia kodi kwenye ushindi wa michezo ya kubahatisha ipo. Nani atamlipia mama?

Kuhusu kujadili bei, simdharau mama hata kidogo. Kwenye viazi hakuna wa kumdanganya, kwa sababu bei ya jana anaijua na akikataa mteja huyu anakuja mwingine kabla ya saa sita. Kwenye ndege mteja wa pili anaweza asije mwaka mzima. Hapo hata mfanyabiashara mkubwa wa Mwanjelwa angebanwa.

Fedha taslimu kama chaguo, nakubali ni afadhali. Lakini fuatilia jambo hilo hadi mwisho wake. Karibu kila mshindi atachagua fedha. Maana yake kamati lazima iwe na fedha hizo mkononi kabla ya droo, na ikishazilipa inabaki na ndege ambayo italazimika kuiuza. Si tumerudi palepale pa kamati kuuza ndege, isipokuwa sasa inauza ikiwa tayari imeshatoa mamilioni?

Waingereza walilitazama hili kisheria. Katika bahati nasibu za hisani, zawadi moja isizidi pauni 25,000, au asilimia 10 ya mauzo ya tiketi pale mauzo yanapokuwa makubwa, na angalau asilimia 20 ya mapato lazima ifike kwenye lengo lenyewe. Sisemi tuige sheria yao. Nasema walishaona hatari ya zawadi kuwa kubwa hadi ikaifunika sababu ya kuchangisha.

Mchangiaji, Njombe:

Mimi nina hoja nyingine. Kwa nini mnafikiria kuuza tu? Ndege hiyo ingebaki kwa mshindi kwa makubaliano kwamba inatumika kubeba wagonjwa. Wajawazito wa Makete hao hao! Mvua zikikolea, barabara zetu mnazijua. Madaktari Warukao walianza na ndege ndogo, leo angalia walipofika.

Mwanzisha mada:

Dada wa Njombe, hoja yako inatoka moyoni na ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu kuliko zote.

AMREF, shirika la hao Madaktari Warukao, walianza mwaka 1957, waanzilishi wake ni madaktari wapasuaji watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Tangu mwanzo ilikuwa ni taasisi, ina madaktari, ina watu wa kuichangia. Kilichookoa watu ni mpangilio huo wote, na ndege ilikuwa sehemu yake mojawapo. Mshindi wa tiketi ni mtu mmoja.

Halafu tuitazame ndege yenyewe. Cessna 172 ina mlango mmoja kila upande, viti viwili mbele na viwili nyuma. Hakuna mahali pa kulaza machela. Mashirika ya misheni yanayoruka viwanja vya vumbi hupenda Cessna 206, ambayo ina milango mipana ya mizigo na injini yenye nguvu zaidi, au Caravan, ndege mnazoziona zikipeleka watalii uwanja wa Msembe, kule hifadhi ya Ruaha. Injini za 172 nyingi za zamani zina nguvu farasi 150 hadi 160, na nguvu hizo ni za usawa wa bahari. Injini ya namna hii hupoteza takribani asilimia 3 kwa kila futi 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Sehemu kubwa ya Makete iko juu ya mita 2,000. Hapo sehemu ya tano ya nguvu imekwenda kabla hujapakia mtu. Weka rubani, weka mama mwenye uchungu, weka muuguzi, weka jua la mchana ambalo linaifanya hewa kuwa nyepesi zaidi, na mbele yako kuna mlima. Mimi ndugu yangu nisingempandisha.

Mchangiaji, Mbeya mjini:

Mimi ni muuguzi, niongeze dogo. Namba 115 ya m-mama mnaifahamu? Mjamzito akipata dharura, inapigwa bila malipo, na gari la wagonjwa lisipokuwepo anatumwa dereva wa kijamii ambaye amesajiliwa. Kinachotuua huku ni umbali kati ya nyumba ya mama na kituo, na ndiyo maana nyumba ya kusubiria inajengwa, ili mama awe karibu wiki zake za mwisho. Mkishindana kuhusu ndege, msisahau kitanda, godoro, jiko la kupikia na maji. Mama akifika akakuta hakuna pa kupikia, anarudi kijijini kwake. Nimewaona wakirudi.

Mchangiaji, Iringa:

Sawa, muuguzi amenigusa. Lakini bado nasema kirikuu peke yake haitauza tiketi. Lazima kuwe na kitu cha kumfanya mtu asimame.

Mwanzisha mada:

Hapo kaka tunaweza kukutana, na nakushukuru hukuiacha hoja yako. Ndoto iwepo, ila iwe ndoto isiyomdai mtu siku ya pili. Zawadi mojawapo iwe safari ya ndege ya familia kwenda Ruaha, kulala, kuona tembo na kurudi. Mama wa Uyole apande na wanawe, atazame mto kutoka juu, na akishuka hana deni la maegesho. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ndege nzima.

Jambo la mwisho ambalo kamati isiliruke, bila kujali upande gani umeshinda hapa: bahati nasibu inaendeshwa kwa kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Tiketi ziwe na namba, kila moja na kishina chake, na wauzaji waorodheshwe. Kabla ya droo watu waonyeshwe ni tiketi ngapi zimeuzwa na fedha ziko akaunti gani.

Dada wa Njombe, wewe uko karibu na Makete. Tuletee bei ya madukani huko ya vile alivyovitaja muuguzi, yaani vitanda, magodoro na tangi la maji, tuiweke mbele ya kamati pamoja na barua ya kumwomba mfadhili aruhusu ndege iuzwe. Kaka wa Iringa, uliza bei ya safari ya Ruaha kwa watu wanne kutokea Nduli au Songwe. Wengine mnaopinga au kuunga mkono, endeleeni.