Mji Mkongwe: saruji ipigwe marufuku kabisa kwenye nyumba za mawe?

Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Swali lililobaki Unguja ni hili: wenye nyumba Mji Mkongwe walazimishwe chokaa peke yake, au waachiwe saruji na zege?

Fundi wa chokaa: Ipigwe marufuku, tena tuanze na lipu. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene nusu mita na zaidi. Zinanyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha zinayatoa usoni. Ukipiga lipu ya saruji umeziba njia. Maji yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ivimbe. Gonga, utasikia uwazi ndani. Ikibanduka inaondoka na uso wa jiwe. Kipimo cha lipu ya chokaa ni ndoo 1 ya chokaa iliyorowekwa kwa ndoo 3 za mchanga, na mchanga usitoke pwani. Ukuta ulowe kwanza. Piga mara tatu, kila tabaka lisizidi sentimita 1, na lifunikwe magunia mabichi kwa siku kadhaa. Wanaokimbilia kumaliza ndio wanaopata nyufa, kisha lawama anabebeshwa chokaa.

Mhandisi wa majengo: Kwenye lipu sina ubishi, bwana fundi. Lakini sababu inayotajwa sana dhidi ya zege, kwamba ni zito, haisimami. Sakafu ya asili ya boriti, mawe na chokaa yenye unene wa sentimita 25 hufika kilo 400 na zaidi kwa mita ya mraba. Zege la sentimita 15 ni kama kilo 360. Ubaya wake ni ugumu. Ukuta wa chokaa hutulia kidogo kidogo na zege halikubali kwenda nao, basi mzigo hukusanyika sehemu chache na nyufa huanzia hapo. Nondo nazo zikipata chumvi zinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana zege hupasuka kutokea ndani. Hatari kubwa kuliko zote ni kubomoa sakafu nzima kwa mkupuo: kuta za ghorofa tatu zinabaki bila cha kuzishika.

Mtetezi wa wapangaji: Na mafundi wenyewe, na vifaa? Boriti ni mikoko, na mikoko inalindwa. Kuchoma matumbawe ili kupata chokaa kunakula kuni nyingi. Nyumba kadhaa ni za serikali au za Wakf, familia nne tano ndani, na mpangaji hana mamlaka ya kugusa hata bati. Ukimkataza saruji bila kumpa kitu cha kushika, ataacha ivuje. Maji ya paa na ya bomba la choo cha juu ndiyo yanayoozesha ncha za boriti ndani ya ukuta, kabla hatujafika kwenye lipu.

Fundi wa chokaa: Hapo umesema kweli, ndugu yangu. Ila boriti iliyooza ncha haihitaji mpya nzima. Egemeza dari kwa nguzo, kata palipooza, unga kipande kipya cha mti kwa bolti pande zote mbili, na uache nafasi ya hewa kuzunguka ncha ukutani. Ukiijengea kwa udongo itaoza tena. Fanya boriti mbili tatu kwa wakati mmoja, usizidishe. Mawe ya kifusi yanarudi ukutani.

Mhandisi wa majengo: Basi kanuni iandikwe hivi: lipu ya saruji kwenye jiwe, hapana, kubadilisha sakafu ya boriti kuwa zege, hapana, msingi wa tangi la maji uani, usiogusa ukuta wa zamani, ruhusa. Na kibali cha paa na mifereji kitolewe haraka kuliko vyote.

Mtetezi wa wapangaji: Nakubali, kwa sharti moja. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985, iweke ghala la chokaa iliyokwisha kurowekwa, iuzwe kwa ndoo. Mfuko wa saruji unapatikana kila duka la vifaa. Chokaa ya kupigia lipu mtu ainunue wapi?