Tupeane uzoefu: Kuacha kazi na kusoma MBA ya kutwa hapa Dar es Salaam

Mleta mada

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari za leo. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliosoma, au wanaosoma sasa, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kwa utaratibu wa kutwa. Mjini kwetu inayozungumzwa zaidi ni MBA ya jioni, kwa sababu mtu anatoka ofisini Posta, anapita Upanga kwenye kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe au anapanda Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasoma hadi usiku, na mshahara wake unaendelea kuingia kama kawaida. Ya kutwa inakutaka uiache kazi, au uiombe ikusubiri.

Mimi ninafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha, nina akiba ya kiasi, na nimeshapata barua ya udahili. Kwamba elimu ni ufunguo wa maisha nimeshaambiwa na kila shangazi niliye naye. Ninachotaka kujua ni yale yasiyoandikwa kwenye fomu ya maombi: mtu aliishije bila mshahara, alipata nini darasani ambacho mwenzake wa jioni hakukipata, na aliporudi kutafuta kazi alipokelewaje. Tafadhali kila mmoja aeleze lililompata yeye mwenyewe.

Aliyetoka Benki

Ndugu mleta mada, nilikuwa ofisa mikopo wa benki moja ya biashara, tawi la Kariakoo, nikajiuzulu na kwenda kusoma Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyoanza mwaka 1979 ikiwa Kitivo cha Biashara na Menejimenti na kugeuzwa kuwa Shule ya Biashara mwaka 2008.

Nianze na fedha, maana hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Watu hujumlisha ada, vitabu na nauli, kisha husema gharama ni hiyo. Gharama kubwa kuliko zote ni mshahara ambao hutaupokea. Tuseme ada yote ni sawa na mishahara yako ya miezi minane, na masomo pamoja na tasnifu yatakuchukua miezi kumi na minane. Basi umelipa mishahara ya miezi ishirini na sita, na hapo bado hujahesabu nyongeza na cheo ambavyo wenzako wamevipata ukiwa darasani. Ukishaiandika hesabu hiyo kwenye karatasi na bado unataka kwenda, nenda. Wapo niliowaona wameiandika baada ya kujiuzulu.

Jambo la pili ni Bodi ya Mikopo, kwa sisi tuliosomeshwa kwa mkopo katika shahada ya kwanza. Ukiwa mwajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na siku mshahara unapokoma makato nayo yanakoma, lakini deni linabaki pale pale na wajibu wa kulilipa unabaki. Afadhali ya sasa ni kwamba ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ya asilimia 6 kwa mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Waliotutangulia walikuwa wakirudi kazini na kukuta deni limenenepa bila wao kukopa tena hata shilingi.

Sasa nieleze nilichokipata, kwa sababu sijutii. Kule Kariakoo, mkopaji akiketi mbele yangu, swali langu la kwanza lilikuwa dhamana: nyumba iko wapi, hati ina jina la nani, mke au mume ameridhia? Darasani nililazimishwa kuanza na swali jingine, yaani fedha zinaingia lini na zinatoka lini. Mfanyabiashara wa vitenge anayelipa Guangzhou kabla kontena halijapakiwa, akangoja meli, akangoja forodha, kisha akawakopesha wateja wake wa Mwanza na Kahama wanaolipa wanapojisikia, anaweza kuwa na faida nzuri kabisa kwenye daftari huku akishindwa kulipa rejesho la mwezi huu. Nilikuwa nimewaona watu wa namna hiyo kwa miaka, na benki ilikuwa ikiwaita wasumbufu, kumbe wengi wao tuliwapa mkopo wa muda mfupi kwa biashara ambayo mzunguko wake wa fedha ni mrefu. Dhamana yao ilikuwa safi, isipokuwa muda wa mkopo haukulingana na biashara.

Je, mtu wa jioni hafundishwi hilo? Anafundishwa, tena na mhadhiri yule yule. Tofauti niliyoiona ni muda wa kulitafuna. Sisi wa kutwa tulikuwa tukipewa kisa cha kampuni fulani, tunakisoma mchana kutwa katika ile maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, tunabishana kwenye kikundi hadi hesabu za mwenzetu mmoja zinavunjwa na kujengwa upya, kisha ndipo tunaingia darasani. Mtu aliyetoka ofisini saa kumi na moja na kukwama Ubungo hana nafasi hiyo, hata awe na akili kiasi gani.

Msomi wa Jioni

Kaka, nakuheshimu, ila hapo umetuonea kidogo. Ni kweli tunafika tumechoka. Lakini darasa letu lilikuwa na mkaguzi wa hesabu, meneja wa ghala, daktari anayeendesha zahanati yake na watu wawili wa mitandao ya simu, na wote walikuwa na tatizo la siku hiyo hiyo kutoka kazini. Mhadhiri akifundisha upangaji wa bei, daktari anauliza swali kuhusu vipimo vya maabara vya zahanati yake, na kesho yake asubuhi anakwenda kulifanyia kazi jibu alilolipata. Ninyi wa kutwa mliibishania kampuni ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona.

Aliyetoka Benki

Hilo nalikubali, mkuu. Kikundi chetu kilikuwa na watu wawili tu waliowahi kuajiriwa, na palipokuwa na mada ya kusimamia wafanyakazi tulihisi upungufu huo.

Binti wa Mbagala

Mimi ndiye yule ambaye hakuwahi kuajiriwa. Nilimaliza shahada ya kwanza ya uhasibu, ajira hazikuonekana, na baba akasema ni heri nisome kuliko kukaa nyumbani. Masomo ya namba sikupata shida nayo, na mara nyingi wakubwa darasani ndio walionifuata niwaelekeze namna ya kupata thamani ya sasa ya fedha zitakazoingia miaka ijayo. Shida ilikuwa kwenye mijadala. Mhadhiri anauliza: meneja wa kiwanda amegundua kwamba msaidizi wake wa miaka mingi anaghushi ripoti za uzalishaji, afanye nini? Wenzangu wanajibu kwa kukumbuka watu wanaowajua, wanakunja hata nyuso, na mimi najibu kwa kukumbuka slaidi.

Nilipomaliza, waajiri wawili waliniambia kwa nyakati tofauti kwamba nina elimu kubwa kuliko nafasi waliyonayo, na uzoefu mdogo kuliko nafasi inayolingana na elimu hiyo. Hatimaye niliingia kwa nafasi ya chini kabisa ya uhasibu, na cheti cha MBA sikukitaja hadi nilipothibitishwa kazini. Kwa mdogo wangu anayetaka kufuata njia hii ushauri wangu ni tofauti na wa baba: afanye kwanza kazi yoyote yenye wateja na bosi, hata kama ni duka la jumla la mjomba.

Mtumishi wa Umma

Nitakuwa mfupi. Mimi nilipewa ruhusa ya masomo, mshahara ukaendelea, na nikatia saini mkataba wa kurudi na kumtumikia mwajiri kwa kipindi kilichoandikwa. Njaa sikuiona. Niliporudi nilikuta meza ile ile na majukumu yale yale, na mkuu wangu wa idara alikuwa na wasiwasi kwamba nimekuja kuchukua kiti chake. Mwenye nafasi kama yangu asome mkataba huo kwa makini kabla ya kuusaini, hasa kifungu kinachoeleza utarejesha kiasi gani ukiondoka kabla ya muda.

Mama wa Wawili

Dada na kaka zangu, mbona hakuna aliyegusa tasnifu? Madarasa yana ratiba, mitihani ina tarehe, na mtu hata akiwa mvivu husukumwa na wenzake. Tasnifu haina wa kukusukuma. Nilikuwa wa kutwa, nikiwa na mtoto mchanga na mwingine anayeanza shule, na masomo ya darasani niliyamaliza kwa wakati pamoja na wenzangu wote. Baada ya hapo kila mtu alikwenda kwake, na wengine bado wako huko hadi leo.

Kosa la wengi ni kuchagua mada inayotegemea hisani ya taasisi moja. Mwenzangu mmoja aliamua kuchunguza mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kama ilivyokubaliwa, katika taasisi fulani ya fedha, akapeleka barua ya utambulisho ya chuo, akaambiwa asubiri, akasubiri muhula mzima, kisha akajibiwa kwamba taarifa hizo ni siri. Mwingine aligawa hojaji kwa wafanyakazi wa kampuni moja, zikajazwa na watu wachache waliochagua jibu la katikati kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho ili waondokane naye.

Mimi nilikuwa nanyonyesha, sikuwa na uwezo wa kuzunguka mjini nikibembeleza makatibu muhtasi. Kwa hiyo nilichagua mada ambayo data yake iko hadharani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na kampuni zilizoorodheshwa hulazimika kuchapisha taarifa zao za fedha. Benki ya NMB iliingia sokoni mwaka 2008 na ya CRDB mwaka 2009, kwa hiyo taarifa za miaka mingi zipo, zimekaguliwa, na mtu anaweza kuzipakua usiku watoto wakiwa wamelala. Msimamizi wangu alitaka kwanza nifanye utafiti wa hojaji kwa kuwa ndio aliouzoea. Nilimpelekea ukurasa mmoja unaoonyesha data nitaipata wapi na nitaipima vipi, naye akaridhia.

Mleta mada

Asante sana, dada. Je, mada uliianza lini, baada ya masomo ya darasani au kabla?

Mama wa Wawili

Kabla, mdogo wangu. Muhula wa pili, kwenye somo la mbinu za utafiti, kila mwanafunzi alitakiwa kuandika pendekezo la majaribio kwa ajili ya alama tu. Wengi waliandika lolote. Mimi niliandika lile nililokusudia kulifanya kweli, mhadhiri akalisahihisha bure, na nilipopangiwa msimamizi nilikuwa na sura mbili mkononi. Wewe unayetoka kwenye forodha angalia kama takwimu za mizigo zinazochapishwa na mamlaka husika zinatosha kwa swali ulilonalo. Kama hazitoshi, badilisha swali sasa hivi, kabla hujaandika barua ya kujiuzulu, kwa sababu ukiwa bado mwajiriwa una bosi wa kumwomba ruhusa ya kutumia kumbukumbu za kampuni, na ukiondoka utapanga foleni mapokezi pamoja na sisi wengine.